Mchezo wa Cyberpunk 2077: Uzuri Wake na Kasoro Zake

Ikiwa wewe ni mzazi na unakaa katika mji wowote wa Afrika Mashariki, bila shaka umekwisha kupita mbele ya kibanda ambacho ndani yake vijana wamejipanga kwenye benchi, macho yote yameelekea kwenye televisheni, na vidole vinabonyeza vitufe kwa kasi ya sindano ya cherehani. Aghalabu mchezo unaochezwa humo ni wa kandanda, nao hauna maneno mengi: mmoja hushinda, mwingine hushindwa, na aliyeshindwa humpisha mwenzake.

Lakini jioni moja mwandishi wa makala haya aliingia katika kibanda cha namna hiyo mtaani Nyamityobora, mjini Mbarara, nchini Uganda, akakuta mchezo wa namna nyingine kabisa. Kwenye kioo palikuwa na mji mkubwa unaong'aa taa za kila rangi, magari yakipita juu ya madaraja yaliyopandana kama ngazi, na watu wenye mikono ya chuma. Waliokuwa wakicheza ni vijana wawili waliokwisha kuvuka umri wa utoto lakini hawajafikia utu uzima. Mmoja ni mtoto wa askari. Wa pili alizaliwa Kivu, akakulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na sasa anakaa kwa shangazi yake mjini apate kusoma.

"Wanangu, mchezo huu mnaupendea nini?" mwandishi aliwauliza.

"Mzee, humu kila jambo unaamua mwenyewe," alijibu mtoto wa askari bila kugeuza uso. "Kaa utazame."

Basi mwandishi alikaa jioni ile, na jioni tatu zilizofuata. Aliyoyaona yanastahili kuelezwa kwa wazazi, hasa wale ambao kazi ya ulinzi huwaweka mbali na nyumba zao kwa miezi mingi, wasipate nafasi ya kujua watoto wao wanatazama nini.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huo huitwa Cyberpunk 2077. Ulitengenezwa na kampuni ya CD Projekt Red ya nchini Poland, na ulianza kuuzwa tarehe 10 Desemba 2020. Asili yake ni mchezo wa mezani, unaochezwa kwa kitabu, kalamu na dadu, uliobuniwa mwaka 1988 na Mmarekani Mweusi, Mike Pondsmith. Wasomaji wetu wa kambini watafurahi kujua kwamba Pondsmith naye ni mtoto wa askari: alilelewa katika familia ya jeshi la anga la Marekani, akihama na wazazi wake kutoka kituo hadi kituo.

Huu ni mchezo wa aina ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mtu fulani, akasema kwa kinywa chake na kutenda kwa mikono yake. Mhusika huyo huitwa V. Mwanzoni mchezaji humchagulia jinsia, sura na asili: ama awe mtu wa kuhamahama aliyezoea jangwa, ama mtoto wa mitaani, ama mwajiriwa wa ngazi ya juu katika kampuni kubwa. Mahali ni mji wa kubuni uitwao Night City, katika jimbo la California, na mwaka ni 2077. Katika mji huo serikali haina nguvu. Wenye nguvu ni makampuni, hasa Arasaka ya Kijapani, na Militech iundayo silaha.

V na rafiki yake Jackie wanakubali kazi ya kuiba kijipande cha kielektroniki kilicho mali ya Arasaka. Wizi unaharibika. Jackie anakufa, na V anapigwa risasi ya kichwa na yule yule aliyemtuma. Lakini kijipande kile, ambacho V amekwisha kukichomeka kichwani mwake, kinamfufua. Taabu ni kwamba ndani yake imo nafsi ya mwanamuziki mwasi, Johnny Silverhand, aliyekufa zaidi ya miaka hamsini nyuma, na nafsi hiyo ya marehemu inaanza kuila nafsi ya V polepole. Sauti na sura ya Johnny ni ya mwigizaji mashuhuri Keanu Reeves. Tangu hapo V amebakiwa na majuma machache, na shughuli yote ya mchezo ni kuamua namna ya kuyatumia.

UZURI WAKE

Uzuri wa kwanza ni ule alioutaja kijana wetu, yaani hiari. Panapotokea jambo, mchezaji anaweza kuingia kwa mtutu, au akapita kwa kunyata, au akazipofusha kamera za ulinzi kwa mbali, au akazungumza na adui mpaka wakaelewana. Maneno anayoyachagua leo huweza kumrudia kesho. Hata mwisho wa kisa si mmoja: zipo njia kadhaa, na katika njia mojawapo V anauacha mji akiwa pamoja na wahamaji waliomfanya ndugu yao. Mchezo unaomkumbusha kijana kwamba kila uamuzi una gharama yake haukosi faida.

Uzuri wa pili ni jinsi unavyochora ulimwengu ambamo mwili wa binadamu umekuwa bidhaa. Mapema kabisa V na Jackie wanamwokoa mwanamke aliyelazwa katika beseni la barafu na wezi wa viungo. Kumbe mwanamke huyo amelipia bima ya daraja la juu. Mara ndege inatua, wanashuka matabibu wenye bunduki, wanamchukua mgonjwa wao, na waokoaji wanaelekezewa mitutu wasimkaribie. Asiye na bima hana ndege. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye mlango wa hospitali akiulizwa fedha kabla ya kuulizwa ugonjwa hatahitaji kufafanuliwa picha hiyo.

Uzuri wa tatu utamgusa askari. Katika Night City watu hujiwekea mikono, miguu, macho na hata ngozi ya chuma. Wengine huzidisha, au hukutwa na mambo mazito kuliko akili inavyoweza kubeba, wakarukwa na akili na kuanza kuua ovyo. Miongoni mwao wamo waliokuwa wapiganaji. Polisi wa mji huo wana kikosi maalumu cha kuwamaliza. Lakini mwanamke mmoja, Regina Jones, aliyekuwa mwandishi wa habari, anamwomba V awakamate wakiwa hai ili watafutiwe tiba. Wako 17. Mchezaji anapofika mahali pa tukio hukuta barua na maandishi yanayoeleza jinsi kila mmoja alivyofikia hapo: huyu alinyimwa dawa, yule alipewa amri isiyobebeka, mwingine alitumikishwa akatupwa. Kuwaua ni rahisi kuliko kuwakamata, na ndiyo maana ombi la Regina lina uzito. Jamii nyingi bado hazijajifunza kumtazama aliyerudi vitani na majeraha yasiyoonekana kama mgonjwa anayestahili tiba, badala ya kumwita kichaa na kumkimbia.

Uzuri wa nne ni kwa ndugu zetu wa polisi. Yumo mpelelezi aitwaye River Ward, anayechunguza kifo cha meya wa mji, ilhali wakubwa wake hawataki kusikia habari hiyo tena. Mtu huyo analijua deni la kazi yake, naye anakubali kuchukiwa kazini kuliko kuacha ukweli uzikwe. Baadaye anatafuta mpwa wake aliyepotea, na hapo tunaonyeshwa nyumba yake, dada yake, na meza yao ya chakula. Ni nadra katika michezo hii kumkuta polisi ambaye ni binadamu mwenye jamaa.

KASORO ZAKE

Kasoro kubwa ya kwanza ni kwamba mchezo huu uliuzwa kabla haujaiva. Ulitangazwa mwaka 2012. Uliahidiwa kutoka mwezi Aprili 2020, ukaahirishwa hadi Septemba, kisha Novemba, kisha Desemba. Wafanyakazi waliamriwa kufanya kazi siku sita kwa juma ili tarehe ifikiwe. Zaidi ya nakala milioni 13 za mchezo huo ziliuzwa duniani katika siku kumi za kwanza tu. Lakini wenye mashine za zamani, yaani PlayStation 4 na Xbox One, walikuta picha zinakwama, watu hawana nyuso kamili, na mchezo unazimika katikati. Kabla ya majuma mawili kupita, kampuni ya Sony iliuondoa katika duka lake la intaneti na kuwarudishia watu fedha zao. Ulirudi dukani humo Juni 2021. Mmoja wa wakuu wa kampuni iliyoutengeneza aliomba radhi hadharani Januari 2021.

Ni haki kueleza pia kwamba kampuni hiyo haikuukimbia mzigo wake. Iliendelea kusahihisha mwaka hadi mwaka, na masahihisho makubwa ya Septemba 2023 yaliufanya karibu kuwa mchezo mpya. Hapo awali, kwa mfano, polisi wa Night City walikuwa wakichipuka ghafla nyuma ya mhalifu, hata akiwa juu ya paa, kana kwamba wameota ardhini. Askari yeyote angecheka. Baada ya 2023 polisi hao hufika kwa magari na kufukuza kama polisi wa kweli. Mwezi huo huo kilitolewa kisa cha nyongeza, Phantom Liberty, ambamo mwigizaji Idris Elba anaigiza mpelelezi wa siri aliyetumikia taifa lake mpaka likamsahau. Lakini hayo ya 2023 hayakuwafikia wenye PlayStation 4 na Xbox One. Maskini aliyenunua kwanza, tena kwa bei kamili, ndiye aliyebaki na chakula kibichi.

Kasoro ya pili ni gharama. Mchezo ulipotoka bei yake ilikuwa dola 60, ambazo kwa kima cha mwaka ule zilikaribia shilingi 220,000 za Uganda. Ili kupima uzito wa fedha hiyo, kumbuka kwamba katika mwaka huo huo wa 2020 posho ya chakula ya mkimbizi mmoja nchini Uganda ilipunguzwa kutoka shilingi 31,000 hadi 22,000 kwa mwezi. Mchezo mmoja, basi, ni chakula cha mtu mmoja kwa miezi kumi. Ndiyo maana vijana wa Nyamityobora huucheza kibandani kwa kulipia muda.

Kasoro ya tatu ni maadili. Mchezo huu umepewa daraja la watu wazima, wa miaka 18 na zaidi kwa kipimo cha Ulaya. Umejaa matusi, madawa ya kulevya, miili ya uchi na damu. Upo uwezekano wa kuficha uchi katika mipangilio yake, lakini matusi na damu hubaki. Tena, pamoja na hiari yote tuliyoisifu, kuua ndiyo njia nyepesi, na mchezo humlipa muuaji sawasawa na mpole. Aliyekufa hupekuliwa mifuko, kisha husahauliwa.

Kasoro ya nne ni hatari kwa afya. Mchezo ulipokuwa bado haujauzwa, mwandishi mmoja wa Kimarekani aliyepewa kuujaribu alipatwa na degedege la kifafa kutokana na taa zinazomweka kwa kasi katika sehemu fulani. Kampuni iliongeza onyo na kuipunguza mimweko hiyo kwa masahihisho. Lakini santuri isiyopata masahihisho bado inayo mimweko yake ya awali.

WANAOKIMBIA HUENDA WAPI

Ipo kasoro moja ambayo mwandishi asingeiona peke yake. Alionyeshwa na yule kijana wa Nakivale.

Mashine ya kibanda kile ni PlayStation 4, na mchezo ulikuwa kama ulivyotoka kwenye santuri, bila masahihisho, kwa sababu masahihisho hupakuliwa kwa intaneti na uzito wake ungemaliza bando la mwezi mzima. Jioni ya pili mtoto wa askari alifyatua risasi sokoni, katika Night City. Watu wote waliokuwa wakipita wakachuchumaa kwa namna moja, mikono vichwani, kama waliofundishwa gwaride. Kisha alipogeuza uso wa V upande wa pili na kuurudisha, soko lilikuwa tupu. Hapakuwa na mtu hata mmoja.

Yule wa Nakivale, ambaye tangu mlio wa kwanza alikuwa amesogea mpaka mlangoni, aliuliza polepole, "Wamekwenda wapi?"

"Wametoweka," mwenzake alijibu. "Mchezo ndivyo ulivyo."

"Watu hawatoweki," alisema yule kijana. Akatoka nje, na jioni ile hakurudi.

Watengenezaji wataeleza kwamba mashine dhaifu haiwezi kubeba watu wengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo huwafuta wasiotazamwa. Maelezo hayo ni ya kweli. Lakini kijana aliyekulia Nakivale anajua waliokimbia risasi huenda wapi, maana ndiye mmoja wao. Makazi hayo yamekuwa yakiwapokea watu tangu karibu mwaka 1960, walipofika wakimbizi wa Rwanda. Baadaye walifika Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, kila kundi na soko lake lililobaki nyuma tupu. Na Kiswahili, ambacho mchezo huu haukutafsiriwa kwacho, ndicho ambacho wengi wao huuziana nacho nyanya na kuulizana habari.

Haimaanishi kwamba mchezo hauna wakimbizi. Wamo Wahaiti waliofika Night City baada ya majanga kuiangamiza nchi yao. Waliletwa kujenga mtaa wa anasa uitwao Pacifica. Vita vilipozuka, wenye mitaji wakakimbia, wakawaacha wajenzi katika majengo yasiyokwisha. Wanazungumza Kikreoli chao, na mchezaji hufasiriwa maneno yao na kifaa kilicho kichwani mwa V. Kuwapa lugha yao ni heshima. Lakini viongozi wao, mchezo unapowafikia, ni genge la wajanja wa kompyuta wanaomtumia V kama chambo bila kujali kama atarudi hai. Mkimbizi katika Night City ama hutoweka, ama ni mtu wa kuogopwa. Mama anayepika, baba anayetafuta kazi, mtoto anayetafuta shule, hao hawakupewa nafasi kubwa.

Hapo ndipo inapofaa kumtaja kijana wa Sudan Kusini, Lual Mayen. Alizaliwa wazazi wake wakiwa njiani kukimbia vita, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoona kompyuta kwa mara ya kwanza alimwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama huyo aliweka akiba kwa miaka mitatu mpaka zikafika dola 300, akamnunulia. Kambini hapakuwa na umeme, naye alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Kwa kompyuta hiyo alijifundisha kutengeneza michezo, akabuni mmoja aliouita Salaam, ambamo mchezaji si mpiga risasi bali ni mtu anayekimbia: anatafuta maji, chakula, na mahali pa usalama. Mwaka 2018 alitunukiwa heshima katika tuzo kubwa za michezo ya video nchini Marekani.

Kwa ufundi Salaam hauwezi kulinganishwa na Cyberpunk 2077, uliotengenezwa na mamia ya watu kwa fedha nyingi. Lakini unalo jambo moja ambalo ule mkubwa umekosa: unamfuata mtu anayekimbia badala ya kumfuta.

Jioni ya tatu mwandishi alisimulia habari za Mayen kibandani. Wakati huo umeme ulikuwa umekatika na kioo kimekuwa cheusi. Yule wa Nakivale alikuwapo. "Papa, huyo mama alikuwa anauza nini mpaka akapata pesa hizo?" aliuliza. Mwandishi hakuwa na jibu la kutosha. Lakini mtoto wa askari, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akikaa benchi moja na mwenzake huyo, ndipo akamgeukia akamwuliza kwa mara ya kwanza: "Na nyinyi mlipitia wapi mpaka Nakivale?" Mazungumzo yao yalichukua muda mrefu. Umeme uliporudi, hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua pedi ya kuchezea kwa dakika kadhaa.

USHAURI KWA WAZAZI

Kwa muhtasari, mchezo huu ni kazi kubwa ya sanaa kwa mtu mzima mwenye mashine ya kisasa, na ni mzigo kwa mtoto aliyeachwa nao peke yake. Mzazi azingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, kama mtu wa nyumbani anataka kuununua, aulize ni kwa mashine gani. Kwa PlayStation 4 na Xbox One fedha yako itapotea. Mashine za baada ya hizo, au kompyuta yenye nguvu na nafasi ya gigabaiti 70, ndizo zinazouonyesha kama ulivyokusudiwa.

Pili, aliye chini ya miaka 18 asiucheze. Mwenye kibanda aelezwe hivyo kwa adabu. Wengi wao ni vijana wanaotafuta riziki na watasikia wakiambiwa vizuri.

Tatu, mwenye kifafa, au aliye katika ukoo wenye ugonjwa huo, akae mbali na taa zinazomweka.

Nne, kisa kikuu peke yake huchukua kiasi cha saa 25, na mwenye kufuata visa vya pembeni hupita 60. Hizo ni saa za masomo, usingizi na kazi za nyumbani. Zipangiwe mpaka.

Tano, na hili ndilo kubwa, keti karibu na mwanao japo kwa jioni moja. Usianze kwa kufoka. Mwulize mtu yule aliyepigwa risasi alikuwa nani, na wale waliokimbia wamekwenda wapi. Ikiwa wewe ni askari, una mengi ya kumweleza ambayo mtengenezaji wa Poland hayajui: kwamba risasi ikitoka hairudi, kwamba aliyeanguka ana mama yake, na kwamba soko likiwa tupu, kazi ya askari ndiyo kwanza inaanza, ya kuwarudisha wenyewe salama.